Tiba ya kamba, maua na mawe kwa aliyekufa ganzi baada ya ajali: maoni yangu baada ya kumaliza

Naandika hii kwa ajili ya mtu aliyepata ajali, au kuvamiwa, au kushuhudia kitu kibaya, halafu hakulia. Wanaolia kila siku ndugu wanawaona, watawapeleka kwa shehe, kwa mchungaji, hospitali, ila sisi tuliopoa ghafla hakuna anayetushtukia, tena tunasifiwa kwamba tuna moyo. Huduma nayoizungumzia naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki ntasema imekatwa na nini.

Kwa kitaalamu ni tiba ya masimulizi, kifupi chake NET, mama mshauri wangu yeye anaiita tu kazi ya kamba. Kituo kipo Dar na sikitaji jina kwa sababu ni kadogo, mlango wake unatazama barabara na mtu akiingia pale mtaa mzima unajua ameenda kufanya nini, sitaki kuwaongezea macho. Ila njia yenyewe sio mali ya kituo kimoja, unaweza kuiulizia popote penye wanasaikolojia, kwa hiyo soma haya kama maoni kuhusu njia pamoja na namna mimi nilivyohudumiwa.

Kilichonipeleka ni ajali ya basi. Tulikuwa tunatoka Dodoma usiku mimi na binamu yangu, tumepita Msamvu, stendi ya Morogoro, yeye hakufika. Mimi nilivunjika mkono tu. Yaani ile asubuhi nilipiga simu nyumbani mwenyewe, nikaenda kumtambua marehemu mwenyewe, msibani nikawa nahangaika na viti na kuuliza kama wali umetosha, na shangazi, mama yake marehemu, ndio akawa ananiambia mimi kaa chini mwanangu upumzike. Sikutoa chozi. Ikapita arobaini, ukapita mwaka, bado. Mdogo wangu akaolewa nikacheza na wenzangu pale ukumbini lakini ndani hamna kitu, wala furaha wala wivu wala uchovu. Kilichonitisha ni jikoni, nilishika sufuria iliyokuwa motoni kwa mkono mtupu, nikaisogeza, nikaendelea na mambo yangu, malengelenge nikaja kuyaona wakati nanawa. Mtu anaungua asijue? Hapo nikasema hapana, hii sio nguvu.

Niseme wazi kwamba kabla ya hapa nilishapita kwa mshauri mwingine, sehemu nyingine kabisa, na kule niliambiwa "lia mama, toa yote, usibanie" tangu nakaa kwenye kiti. Kadiri alivyonisukuma ndivyo nilivyozidi kwenda mbali, sauti yake nikawa naisikia kwa mbali, natoka pale najisikia mzito kama nimelala mchana kutwa. Sasa huyu mama wa kazi ya kamba nilipomweleza hivyo hakushangaa hata kidogo. Alisema kwa mtu kama mimi ubongo umekaza breki, ukimwongezea presha unaongeza kukaza. Na ndio sababu kubwa ya mimi kuandika haya yote, maana watu wanadhani ushauri ni ushauri tu, kumbe ukienda kwa asiyejua hii kitu anaweza kukufungia zaidi.

Siku ya kwanza hakuna kusimulia chochote. Unajaza fomu ya maswali 20 kuhusu ndoto, mshtuko, usingizi, kukwepa kwepa, kama bado unapenda watu wako. Anauliza na dawa unazotumia, presha, kama umewahi kuwaza kujidhuru, anauliza bila kuzungusha. Halafu akachukua karatasi akanichorea kichwa.

Ntajaribu kueleza alichonieleza pamoja na niliyoenda kusoma baadae kwa sababu nilitaka kujua kama ni kweli. Ndani ya ubongo, pande zote mbili, kuna kitu kidogo kinaitwa amigdala, kazi yake kupiga kelele kukiwa na hatari. Kwa watu wengi wenye kiwewe hicho ndio kinachowaka ovyo, mlango ukijibamiza wanaruka, moyo unakimbia, jasho, picha zinarudi. Lakini kuna kundi lingine. Ruth Lanius kule Canada na wenzake walikuwa wanawaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wanasomewa habari ya tukio lao wenyewe, na wakaona kama asilimia 70 wanapandwa na hofu upya, ila kama asilimia 30 wanafanya kinyume, wanatulia, wanajiona wako nje ya mwili, mapigo ya moyo hayapandi. Kwa hawa, sehemu ya mbele ya ubongo, hii ya nyuma ya paji la uso ambayo kwa kawaida inatuliza hisia, inafanya kazi kupita kiasi na kuikandamiza amigdala. Andiko lao kubwa ni la 2010, na kufikia 2013 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kikaliweka kundi hili kama aina yake ndani ya PTSD, yaani ugonjwa wa kiwewe. Kwa hiyo mtu asiyelia sio kwamba hana hisia. Hisia zipo, zimekaliwa, na kuzikalia huko ni kazi inayokula nguvu, ndio ule uchovu usioeleweka.

Kuhusu sufuria sasa. Mwili una dawa yake ya maumivu unayojitengenezea, ya ukoo mmoja na mofini, na kwenye hatari kubwa inamwagwa kwa wingi ili uweze kukimbia hata kama umevunjika. 1990 Roger Pitman na wenzake Marekani walichukua wanajeshi 8 waliopigana Vietnam na wenye PTSD, wakawaonyesha filamu ya vita halafu wakawapima na kitu cha moto mkononi, maumivu waliyoyasikia yakapungua kwa asilimia 30. Walipowapa naloksoni, dawa inayozuia ile mofini ya mwili, upungufu ule haukutokea. Vita ilikuwa imeisha miaka mingi, na ni filamu tu, lakini mwili ukatoa ganzi ileile. Nilipoelewa hivyo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu mkono ulioungua ndio uleule niliovunjika na jikoni siku ile redio ilikuwa inatangaza ajali ya basi.

Nikamuuliza mama mshauri, sasa mbona hata vizuri sivisikii, harusi, mtoto wa dada akinikimbilia, chakula? Akasema fundi akiona bomba la bafuni limepasuka na hana kifaa cha kufunga lile moja, anaenda kufunga koki kubwa nje, jikoni nako maji hakuna. Ubongo ule usiku haukuwa na muda wa kuchagua hisia ipi ikae ipi itoke.

Kikao cha pili ndio kamba. Anatandika mkeka, anakupa kamba ndefu ya katani, mwanzo wake ni kuzaliwa kwako, mwisho umeviringwa maana maisha bado yapo. Una maua na mawe. Ua kwa kila jambo jema, jiwe kwa kila jambo lililokuumiza, unaweka kwa mpangilio wa miaka, unalipa kila kitu jina kwa maneno machache na unasonga mbele, huingii ndani. Mi nilidhani ntaweka jiwe moja. Niliweka kadhaa, mengine ya utotoni ambayo nilikuwa siyahesabu kabisa, na maua yalikuwa mengi kuliko nilivyotegemea, likiwemo moja la binamu yangu huyohuyo siku aliponifundisha kuendesha baiskeli Kondoa. Nampa hongera kwenye hili, hakuniharakisha, na hakusema chochote cha busara, alikuwa anashika tu mwisho wa kamba.

Vikao vinavyofuata unasimulia maisha yako kuanzia mwanzo wa kamba. Sehemu za kawaida mnapita haraka, mkifika kwenye jiwe mwendo unapungua sana. Anataka ujue ilikuwa wapi, saa ngapi, umekaa siti gani, hiyo anaiita kumbukumbu baridi, halafu anataka na ile ya moto, uliona nini, harufu gani, mwili ulifanya nini, uliwaza nini. Shida ya kiwewe ni kwamba vile vya moto vimekaa peke yake bila tarehe bila mahali, ndio maana vikiguswa ubongo unadhani ni sasa hivi na unavizima. Kazi ya kusimulia ni kuvirudishia tarehe na mahali. Kila mara anauliza "hapo ulihisi nini" na papo hapo "na sasa hivi hapa kwenye kiti unahisi nini", hayo maswali mawili yanachosha kweli ila ndio dawa yenyewe.

Na hapa ndipo anapotofautiana na yule wa kwanza. Tulipofika pale basi linaanza kuyumba mimi nikazima. Macho yakawa mazito, vidole vikawa baridi, maneno yakaisha. Yeye aliona kabla yangu. Hakuniacha niende na hakunisukuma, alisema "bana mapaja, bana tumbo, kaza ngumi, niangalie", akanipa karafuu ninuse na chupa ya maji ya baridi nishike, akaniuliza leo ni siku gani na nje kuna kelele gani. Kubana misuli kunapandisha presha ya damu iliyoanza kushuka, maana kuzima huku ni kitu cha mwilini, sio kujifanya. Maggie Schauer na Thomas Elbert, ambao ni kati ya walioianzisha hii tiba, waliandika 2010 kwamba mwili ukiwa hatarini unapita ngazi, kwanza unatulia kuangalia, kisha kukimbia, kupigana, ukikosa njia unakakamaa kwa hofu moyo ukiwa bado unakimbia, halafu mapigo na presha vinashuka, mwili unalegea, hisia na maumivu vinaondoka, mwisho mtu anazimia. Baadae ukikumbushwa tukio mwili unaweza kurudia ngazi uliyoishia siku ile. Mimi nilikuwa nimebanwa na siti, nisingeweza kukimbia wala kupigana na mtu, sasa ningeishia wapi kama sio kulegea? Naomba ndugu wa manusura mlielewe hili, hasa wanaomuuliza dada yao kwa nini hakupiga kelele siku alipovamiwa. Hakuchagua. Mwili wake ulimfunga mdomo ili aishi.

Akishakurudisha mnaendelea palepale mlipokomea, hamruki. Mara ya kwanza nilifika nusu, mara nyingine tukafika mpaka mwisho, mpaka watu wa vijiji vya jirani wamekuja na tochi. Chozi halikuja kwenye damu wala kwenye kelele. Lilikuja kwenye karanga. Pale Msamvu binamu alinunua karanga za kukaanga akanipa chenji nimshikie, na nilipolisema hilo nilihisi zile sarafu kiganjani, basi, nililia mpaka kikao kikapitiliza muda na mama hakuangalia saa.

Msitegemee kutoka pale mmepona. Wiki ile baada ya jiwe kubwa nilikuwa hovyo, ndoto ambazo sikuwahi kuziota zikaanza, nikaogopa hata daladala. Alishaniambia mapema kwamba ganzi ikitoka yanakuja na machungu yake, na alinipigia simu katikati ya wiki kuuliza hali. Kama huna mtu nyumbani wa kukaa naye siku hizo, panga kwanza ndio uende. Mimi nilimwita shangazi aje akae kwangu, tukalia wawili kwa mara ya kwanza tangu msiba, na nadhani yeye alikuwa ananisubiri.

Kila kikao anaandika ulichosimulia, kinachofuata anakusomea, unasahihisha. Siku ya mwisho anakusomea maisha yako yote kuanzia kuzaliwa, mnatia saini wote wawili na unaondoka na nakala yako. Hiyo nakala ni kitu kikubwa sana kwangu. Ipo kabatini na vyeti vyangu.

Kuna waliokuwa wananiuliza kama hii kitu imethibitishwa au ni mambo ya wazungu. Imepimwa hapahapa kwetu. Utafiti uliotoka 2004 ulifanyika Uganda, kambi ya Imvepi, kwa wakimbizi 43 wa Sudan. Baada ya mwaka mmoja, waliopata tiba hii waliobaki na PTSD walikuwa asilimia 29, wakati waliopata ushauri wa kawaida au elimu tu ni kama asilimia 80. 2008 ukatoka mwingine wa kambi ya Nakivale, hukohuko Uganda, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na watoa huduma walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa, sio madaktari. Hapo niwe mkweli, waliopata ushauri wa aina nyingine walipona karibu sawa na wa masimulizi, asilimia 65 kwa 70, na waliofuatiliwa tu bila tiba ni 37. Ila walioacha njiani kwenye masimulizi walikuwa asilimia 4 na kwenye ule mwingine 21, na mimi kama mtu niliyewahi kuacha kwa mshauri wa kwanza naona hiyo tofauti ya kuacha ni kubwa.

Kitu kingine nilichokipenda, mama hakuniambia kwamba kuzuia hisia ni ubaya. Wafaransa waliwapima manusura zaidi ya mia wa mashambulizi ya Paris ya tarehe 13 Novemba 2015, matokeo yakatoka 2020, wakakuta waliokuwa salama ndio walioweza kuizuia kumbukumbu isipenye pale ilipokuja bila kuitwa, na wenye PTSD ndio walioshindwa. Kwa hiyo kusema "sasa nipo kazini, hii ntaishughulikia jioni" ni uwezo mzuri, mimi nautumia kila siku. Kilichonipata mimi ni kufunga kila kitu bila kuamua na kushindwa kufungua.

Sasa ile nyota iliyokatwa. Hawana muda wa jioni wala jumamosi, mtu umeajiriwa utaomba ruhusa mara ngapi na kwa sababu gani utakayoweza kuisema kwa bosi? Mapokezi wanaita majina kwa sauti mbele ya watu, nilishawaambia hili na nalirudia, wangetumia namba tu. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza kitupu, mzee niliyekaa naye kwenye benchi alisaini bila kuelewa mpaka mama alipokuja kumtafsiria. Kikao ni elfu 50, saa moja na nusu au zaidi, na bima yangu haikuhusika na chochote, kwa hiyo ni hela ya mfukoni, na kwa mtu wa kipato cha chini ni mlima. Ukiwaomba wanakubali ulipe kidogo kidogo, lakini hawakutangazii, uliza mwenyewe. Kama huwezi kabisa, anzia hospitali ya serikali yenye kitengo cha afya ya akili, Muhimbili wapo, kwenda pale hakumaanishi wewe ni kichaa na hakuna atakayekufunga.

Kwa mtu ambaye anasikia sauti zisizokuwepo, au yuko kwenye ulevi mzito, au ana mpango wa kujidhuru sasa hivi, hii sio ya kuanzia, daktari kwanza. Na ukipiga simu popote kuulizia, usiulize bei kwanza. Muulize mshauri: nikianza kuzima katikati ya kusimulia unafanya nini? Anayejua atakujibu moja kwa moja, atakutajia kubana misuli, harufu, maji ya baridi, kukuuliza uko wapi. Akikujibu kwamba atakuacha ulie mpaka uishe, shukuru, kata simu, tafuta mwingine.